Pikapu Iliyoinuliwa Inapoleta Matatizo: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mtu anapoinua pikapu yake kwa milimita 50 na kuivisha matairi makubwa, kwa kawaida huondoka gereji akiwa ameridhika, na malalamiko huanza kusikika wiki kadhaa baadaye: usukani hautulii, tairi linasugua plastiki ya fenda, gari linatetemeka likiondoka, breki hazishiki kama zamani. Wengi hukimbilia kubadilisha spea, na mara nyingi spea mpya haiondoi tatizo, kwa sababu chanzo chake ni pembe zilizobadilika. Kila mkono wa saspensheni, kila shafti na kila mpira wa breki (hosi ya mafuta ya breki) ulio chini ya gari ulipangwa ukae katika mwinamo fulani gari likiwa kwenye kimo chake cha kiwandani. Kimo kikibadilika, mwinamo wa vyote hubadilika kwa pamoja, na kazi ya anayetafuta hitilafu ni kujua ni upi ambao haukurekebishwa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya Toyota Hilux za kuanzia mwaka 2005, ambazo mbele zina mkono wa juu na mkono wa chini pamoja na springi ya mviringo iliyozunguka shokapu, na nyuma zina ekseli nzima inayobebwa na springi za mabamba. Ford Ranger za kuanzia 2011 na Isuzu D-Max za kuanzia 2012 zimepangwa kwa jumla vivyo hivyo, kwa hiyo dalili zake hazitofautiani sana. Land Cruiser ya mfululizo wa 79, ambayo ina ekseli nzima hata mbele, itatajwa mahali inapoachana na hizo nyingine.

Vipimo vya kuchukua kwanza

Egesha gari mahali palipo sawa, kisha pima kutoka katikati ya habu ya gurudumu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake, pande zote nne, na uandike namba hizo. Upande mmoja ukiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya milimita 10 hivi, tafuta kwanza springi iliyowekwa upande usio wake au spesa (kipande cha kuongezea kimo) iliyosahauliwa, kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Soma pia ukubwa wa tairi na hesabu kipenyo chake. Tairi la 265/65R17, ambalo Hilux nyingi hutoka nalo kiwandani, lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 265/70R17 lina 803. La 285/70R17, ambalo mafundi huliita la inchi 33, lina 831. Tofauti kati ya la kwanza na la mwisho ni milimita 55, lakini tairi huinua gari kwa nusu tu ya tofauti hiyo, yaani kama milimita 27. Nusu nyingine huenda juu, ndani ya fenda, na kiasi hichohicho huongezeka mbele na nyuma ya gurudumu, ambako springi ndefu haikuongeza nafasi yoyote.

Mwisho, angalia namba ya ET iliyopigwa mhuri kwenye rimu, yaani umbali wa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Rimu ya kiwandani ya Hilux huwa ET30; ukifunga ya ET0 yenye upana uleule, gurudumu zima limetoka nje kwa milimita 30.

Tahadhari moja inahusu kazi zote zinazofuata. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma chini ya chasisi, na kama ardhi ni laini weka ubao mpana chini ya kila stendi. Jeki ndefu ya kukwamulia gari porini haifai kabisa kwa kazi ya kuingia chini, kwa kuwa huyumba upande kwa msukumo mdogo.

Dalili: tairi linasugua unapokata kona au unapopita tuta

Kwanza tafuta alama, kwa kuwa mahali pa msuguo ndipo panapotaja sababu. Kata usukani mpaka mwisho upande mmoja, shuka uangalie, kisha fanya hivyo upande wa pili. Baada ya hapo pandisha gurudumu moja la mbele juu ya tuta au gogo imara ili saspensheni ijikunje, na urudie uchunguzi. Msaidizi abaki ameshika usukani, injini ikizunguka na breki ya mkono ikiwa imevutwa.

Mahali panapoguswa mara nyingi zaidi ni plastiki ya ndani ya fenda na ncha ya digadi. Hilo ni jambo dogo: plastiki hupashwa moto kidogo na kurudishwa nyuma, au hukatwa kwa uangalifu, na klipu zilizokatika hubadilishwa. Mahali pa pili ni mguu wa kebini, yaani kile kipande cha chasisi kilicho nyuma ya gurudumu la mbele ambacho kebini imekaa juu yake. Tairi likigusa hapo kwenye Hilux yenye 285/70R17, watu wengi huomba grainda mara moja. Subiri. Boliti za mkono wa chini zina kamu za kurekebishia, yaani visahani ambavyo tundu lake haliko katikati, na fundi wa alaimenti (upangaji wa pembe za magurudumu) anaweza kuzitumia kusogeza gurudumu mbele kwa milimita kadhaa, marekebisho ambayo, kama tutakavyoona, hutibu pia usukani usiotulia.

Sababu ya tatu ni rimu iliyotoka nje sana. Gurudumu linapokata kona halizunguki mahali pake bali huchora tao, na kadiri lilivyotoka nje ndivyo tao lilivyo kubwa. Ndiyo maana tairi lilelile linaweza kusugua kwenye rimu ya ET0 na lisisugue kwenye ET20. Sababu ya nne ni tairi kugusa mkono wa juu kwa ndani, jambo linaloonekana kwa rimu zilizoingia ndani kupita kiasi, na hilo halivumiliki hata siku moja kwa kuwa tairi huchanika ubavuni.

Kukata au kuchomelea mguu wa kebini si kazi ya kubahatisha. Kipande hicho hubeba kebini na hupokea nguvu ya ajali. Kama alaimenti na rimu sahihi hazikutosha, jibu la busara ni kurudi kwenye 265/70R17. Ukiamua kukata, mpe kazi hiyo mchomeleaji anayejua chasisi, atakayeziba upya mahali palipokatwa kwa bamba la unene uleule.

Dalili: gari linatangatanga, usukani haurudi wenyewe

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Dereva husema kwamba zamani gari lilishika njia lenyewe na sasa analazimika kulirekebisha kila mara, hasa akipishana na basi kwenye barabara kuu.

Anza na upepo. Pima matairi yakiwa ya baridi. Matairi ya lori dogo, yale yenye herufi LT au C, yana kuta ngumu na huhitaji upepo zaidi ya yale ya kiwandani kwa mzigo uleule; yakiwa laini, gari huelea. Kisha kumbuka kwamba huku kwetu tunaendesha kushoto na barabara nyingi zimeinamishwa kidogo kushoto ili maji yatiririke, kwa hiyo gari linalosogea kushoto taratibu unapoachia usukani halina kosa. Linalovuta kwa nguvu ndilo lenye hitilafu. Badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, isipokuwa yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama upande, tairi ndilo lenye tatizo, na hakuna alaimenti itakayoliponya.

Mvuto usipohama, chanzo kikubwa ni pembe ya kasta. Ukilitazama gurudumu la mbele kwa ubavu, bolijointi ya juu, yaani kiungo kinachounganisha mkono na upande wa gurudumu, inatakiwa iwe nyuma kidogo ya ile ya chini. Mlalo huo wa kurudi nyuma ndio unaofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona. Hilux ikiinuliwa, mikono hushuka na mlalo huo hupungua. Milimita 50 za kuinua kwa kawaida bado zinaweza kurekebishwa kwa kamu za mkono wa chini, ambazo husukuma bolijointi ya chini mbele na hivyo kurudisha kasta huku zikiondoa tairi karibu na mguu wa kebini. Zaidi ya hapo kamu hufika mwisho wake, na dawa inayobaki ni mikono ya juu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyoinuliwa, ambayo bolijointi yake imesogezwa nyuma.

Kwa hiyo, omba karatasi ya vipimo vya alaimenti. Fundi akisema amepima na gari liko sawa bila kukuonyesha namba za kasta, kamba (jinsi gurudumu linavyoegemea ndani au nje likitazamwa kwa mbele) na tou (jinsi magurudumu yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kwa juu) za pande zote mbili, amepima tou peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo rahisi kurekebisha. Karatasi ionyeshe vipimo vya kabla na vya baada. Mwombe aelekeze nguvu kwenye kasta kubwa iwezekanavyo ndani ya kiwango, iliyo karibu sawa pande zote mbili. Usukani ukae katikati kazi ikiisha, kwa sababu kwenye magari yenye udhibiti wa uthabiti wa kielektroniki, usukani uliopinda huchanganya kihisi chake na taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi.

Ikiwa kasta ni nzuri na usukani bado umelegea, inua mbele, weka stendi, kisha shika gurudumu juu na chini na ulitikise. Mchezo hapo hutoka kwenye beringi au bolijointi. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo hutoka kwenye tairodi au raki ya usukani. Matairi mazito huzimaliza spea hizi haraka, hasa kwenye barabara za changarawe zenye mawimbi kama ile inayoelekea lango la Naabi huko Serengeti. Ukikuta bolijointi au tairodi ina mchezo, gari lisiendeshwe mpaka itengenezwe, kwa kuwa ikichomoka gurudumu hulala na dereva hana usukani tena.

Kwa Land Cruiser 79 hali ni tofauti. Ekseli yake ya mbele hushikwa upande kwa fimbo moja ndefu iliyo mshazari, na gari likiinuliwa fimbo hiyo huivuta ekseli yote upande mmoja. Kasta nayo hurekebishwa kwa bushi maalumu zenye tundu lililo pembeni. Gari hili pia hupata mtikisiko mkali wa magurudumu ya mbele baada ya kugonga shimo kwa mwendo wa kati, mtikisiko ambao hauishi mpaka upunguze mwendo kabisa. Usikanyage breki ghafla. Achia mafuta, shika usukani imara, punguza taratibu. Chunguza upepo na balansi, kisha bushi za fimbo hiyo ya upande, kisha beringi za nako (kipande kinachobeba habu na kugeuka na usukani), kisha kasta. Dampa mpya ya usukani, yaani shokapu ndogo ya kutuliza usukani, huficha mtikisiko huo kwa muda bila kuondoa kilichouleta, na kwa maoni yangu ni hatari kuiuza kama tiba.

Dalili: gari linatetemeka

Kwanza ujue mtetemo unakuja lini, kwa kuwa ule wa kuondokea na ule wa mwendo ni magonjwa mawili tofauti.

Mtetemo unaoanza karibu kilomita 80 kwa saa na kusikika kwenye usukani hutoka kwenye magurudumu ya mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti, tafuta nyuma. Sababu ya kawaida ni balansi. Tairi kubwa lenye vifundo vikubwa huhitaji vipande vingi vya risasi vya kusawazishia, na tope lililoganda ndani ya rimu linatosha kuharibu balansi nzuri, kwa hiyo osha rimu kwa ndani kabla ya kulipia chochote. Sababu ya pili ni rimu isiyokaa katikati. Habu ya Hilux ina kipenyo cha milimita 106.1, na rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi ili zitoshe magari mengi. Bila pete ya kujaza pengo, rimu hutegemea nati peke yake kujiweka katikati. Zikazwe kwa mtindo wa nyota, gurudumu likiwa hewani, kidogo kidogo.

Hapa kuna hatari inayopuuzwa mno. Nati za rimu za aloi za Toyota mara nyingi huwa na washa bapa, ilhali rimu nyingi za dukani zina viti vyenye umbo la koni. Nati bapa kwenye kiti cha koni hushika kwa ukingo mwembamba tu, hulegea, na stadi (boliti za habu zinazoshika nati) hukatika. Vua nati moja na ulinganishe umbo lake na la tundu la rimu. Kila rimu ikifungwa upya, kaza tena kwa rinchi ya kupimia baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, ukikumbuka kwamba rimu za chuma na za aloi zina viwango tofauti. Ukisikia mtetemo mpya uliokuja ghafla pamoja na sauti ya kugonga, simama pembeni ya barabara uangalie nati papo hapo.

Mtetemo wa pili ni ule wa kuondokea, mtikisiko mzito kati ya sifuri na kilomita 30 kwa saa, hasa gari likiwa na mzigo au likipanda mlima. Huo ni wa propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Hilux ya 4x4 ina propela ya vipande viwili yenye beringi katikati iliyoning'inia kwenye mpira. Nyuma ikiinuliwa, pembe kati ya vipande hivyo hukua na beringi huvutwa. Ukaguzi mwepesi ni kutazama mpira wa beringi hiyo kama umechanika na kuzungusha krosi (viungo vya propela) kwa mkono kutafuta mchezo. Vikiwa vizima, spesa ndogo inayoshusha kibebeo cha beringi kwa milimita chache huwa inatosha. Kama propela ilifunguliwa wakati wa kazi, angalia alama za kulinganisha: ikirudishwa ikiwa imegeuka kwa meno machache, hutetemeka hata kama kila kitu ni kipya.

Nyuma ikiwa iliinuliwa kwa shakeli ndefu, yaani vile vipande vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi, au kwa tofali za chuma kati ya ekseli na springi, pua ya difu imegeuka pia. Kabari za chuma zilizowekwa kati ya springi na ekseli hurudisha pembe hiyo, lakini pembe lazima ipimwe kwa kipimo cha digrii na fundi wa propela. Sishauri shakeli ndefu hata kidogo. Springi iliyotengenezwa kwa kimo kinachotakiwa hugharimu zaidi na humaliza mjadala.

Dalili: kelele mbele, mlio wa kugonga au wa tak-tak

Mlio wa tak-tak-tak unaoongezeka unapokata kona huku ukikanyaga mafuta ni wa sivi jointi, yaani kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele. Angalia kwanza mipira yake, na angalia rimu kwa ndani kama ina grisi iliyorushwa. Gari lililoinuliwa huzungusha shafti zikiwa zimelala kwa pembe kali, mikunjo ya mpira husuguana, na mpira hupasuka. Vumbi na maji vikishaingia, jointi haina muda mrefu. Mpira uliopasuka leo, grisi ikiwa bado safi, ni kazi ya mpira na grisi mpya tu. Jointi ambayo tayari inalia hubadilishwa. Kama mipira inapasuka tena na tena, difu ya mbele hushushwa kwa vifaa vya spesa ili pembe ipungue, au kimo kipunguzwe.

Mlio mmoja mzito wa kugonga unapopita tuta huwa na sababu za kawaida zaidi: boliti za mikono au za shokapu ambazo hazikukazwa tena baada ya kilomita mia kadhaa za kwanza, linki za stabilaiza zilizochoka, yubolti za springi za nyuma zilizolegea. Kaza kwa kipimo kabla ya kununua. Mlio wa kugonga unaosikika gurudumu linaposhuka, si linapopanda, ni wa shokapu iliyofika mwisho wa urefu wake au mkono wa juu unaogusa springi. Tafuta alama ya rangi iliyokwaruzwa hapo. Spesa nene ya juu ya shokapu ndiyo inayoleta tatizo hili mara nyingi, kwa kuwa kutokana na mahali shokapu inaposhika mkono wa chini, spesa ya milimita 25 huinua gari kwa karibu milimita 50 na kumaliza nafasi ya kushuka iliyokuwepo.

Bushi zinazochanika mapema zina sababu yake peke yake: mafundi hukaza boliti zake gurudumu likiwa linaning'inia. Bushi ya mpira hushikwa katika hali iliyokuwepo wakati wa kukaza, na gari likikaa chini inabaki imejinyonga siku zote. Legeza, shusha gari juu ya magurudumu yake, litikise, kisha kaza.

Springi ya mbele isifunguliwe nyumbani. Nati ya juu ya shokapu ikitolewa kabla ya springi kubanwa kwa mashine yake, springi hufyatuka kwa nguvu inayoua. Kazi hiyo ni ya gereji yenye mashine ya kubania springi iliyo nzima.

Dalili: breki zimebadilika

Gari huchelewa kusimama, au mbele huinama sana na nyuma haisaidii. Sehemu ya mabadiliko haya ni ya asili: tairi kubwa na zito huhitaji nguvu zaidi kusimamishwa, na kwa tairi lililoongezeka kipenyo kwa asilimia 7 breki zilezile hupoteza karibu kiasi hichohicho cha nguvu kwenye barabara. Pedi na lainingi zilizokuwa zinatosha kwa shida sasa hazitoshi. Zipime kwanza.

Sababu ya pili hujulikana na wachache. Hilux zisizo na mfumo wa kielektroniki wa kugawa nguvu ya breki zina vali juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa kwa fimbo, inayopima jinsi nyuma ilivyolala ili kujua mzigo. Gari tupu hukaa juu, na vali hupunguza breki za nyuma zisikabe. Ukiinua nyuma kwa springi ndefu bila kurekebisha fimbo hiyo, vali hudhani siku zote kwamba gari ni tupu, hata likiwa limebeba magunia ya mahindi, na breki za mbele hubeba kazi yote. Tafuta kibano cha kurudisha fimbo mahali pake. Huuzwa pamoja na vifaa vingi vya kuinulia, na mara nyingi hubaki ndani ya boksi. Kurekebisha shinikizo lenyewe kunahitaji geji, kwa hiyo kumalizia kazi ni kwa fundi wa breki.

Kisha angalia mipira ya breki. Gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakining'inia, kila mpira unatakiwa uwe na ulegevu, na usukani ukatwe pande zote mbili huku ukitazama. Fuata waya wa ABS na kebo ya breki ya mkono vivyo hivyo; taa ya ABS inayowaka baada ya kuinua huwa ni waya uliovutika. Mpira uliokazika hukatika siku gurudumu litakapoingia kwenye korongo. Ukikuta mpira uliokazika, uliopasuka ngozi au unaovuja, au pedali inayozama taratibu ukiikanyaga, gari livutwe mpaka gereji. Lisiendeshwe hata kwa mwendo wa polepole.

Dalili: matairi yanaisha upande mmoja

Ukingo wa ndani ukiisha kwenye matairi yote mawili ya mbele, tou imefunguka au kamba imeegemea ndani. Ukingo wa nje ukiisha, ni kinyume chake. Katikati pakiisha, upepo umezidi. Mabaka ya hapa na pale huashiria shokapu iliyochoka au balansi mbaya. Rudia alaimenti kila kimo kinapobadilika, na tena springi mpya zikishatulia, kwa kuwa hushuka kidogo baada ya miezi ya kwanza.

Dalili: gari limekuwa gumu, linarusha

Kabla ya kulaumu shokapu, jiulize springi zilichaguliwa kwa mzigo gani. Springi za nyuma zilizotengenezwa kubeba kilo 300 au zaidi muda wote zitarusha pikapu tupu, na springi za mbele za gari lenye bampa la chuma na winchi zitakuwa ngumu kwenye gari lisilo navyo. Punguza upepo mpaka kiwango kinachofaa kwa mzigo halisi, kisha fikiria kubadilisha springi.

Jambo moja halina mjadala: kuinua gari hakuongezi uzito linaoruhusiwa kubeba. Tairi lenye namba ya mzigo 121 linaweza kubeba kilo 1,450 badala ya 1,120 za namba 112, lakini chasisi, ekseli na breki hazikubadilika. Ekseli ya nyuma hupinda na chasisi hupasuka nyuma ya kebini kwa watu walioamini springi mpya kuliko kibao cha uzito. Ukiona ufa kwenye chasisi, acha kubeba mzigo na umwone mtaalamu wa chasisi. Kuuchomelea juu juu huuficha tu.

Dalili: gari ni zito, linakunywa mafuta, spidomita haisemi kweli

Tairi la 285/70R17 husafiri asilimia 7 zaidi kwa kila mzunguko kuliko la 265/65R17. Spidomita ikionyesha 100, mwendo halisi umeongezeka kufikia karibu 107 ukilinganisha na zamani, na odomita huhesabu pungufu, kwa hiyo sehemu ya mafuta yanayoonekana kuongezeka ni hesabu tu. Linganisha na GPS kwanza. Uzito uliobaki ni wa kweli: gia zote zimekuwa ndefu, klachi huchoka kwa kuondokea, na gia za otomatiki hubadilika-badilika mlimani. Endesha gia moja chini. Anayefanya kazi ngumu ya milimani kila siku hubadilisha uwiano wa difu zote mbili, mbele na nyuma kwa pamoja, na hiyo ni kazi ya fundi wa difu pekee.

Rekebisha pia mwelekeo wa taa za mbele. Gari lililoinuka huwapofusha wanaokuja, na skrubu ya kushusha taa ipo nyuma ya kila taa.

Dalili: gari linakaza au kuruka-ruka ukiwa kwenye 4x4

Unaposikia usukani mzito na matairi yakiruka kwenye lami kavu ukiwa umeweka H4, hakuna kilichoharibika bado, toa 4x4. Ikitokea kwenye changarawe au tope, pima mzingo wa kila tairi kwa futi ya kitambaa. Matairi manne yawe ya ukubwa mmoja na yaliyochakaa kwa kiasi kinachokaribiana, kwa kuwa kwenye 4x4 ya aina hii hakuna difu kati ya mbele na nyuma, na tofauti yote huishia ndani ya gia boksi ya 4x4.

Hapa ndipo tairi la akiba linapoleta shida. Wengi hununua manne makubwa na kuliacha lile dogo la kiwandani chini ya bodi, kwa sababu la 285/70R17 huweza kukosa kuenea hapo. Ukilazimika kulitumia, lifunge mbele, hasa kama difu ya nyuma ni ya kujifunga, hata ikibidi kuhamisha tairi zima la mbele kwenda nyuma. Usiweke 4x4, na nenda taratibu hadi gereji ya karibu ya matairi. Anayesafiri maeneo ya udongo mweusi wakati wa masika, ambako bila 4x4 hafiki popote, hana budi kununua tairi la tano la ukubwa uleule na kulifungia mahali pengine, iwe kwenye bodi au kwenye kibebeo cha nyuma kilichofungwa kwenye chasisi.